Afande na Nafasi Sita za Magari

Mara ya kwanza kumwona Afande, alikuwa amemkalia mtu.

Nilikuwa nimetoka Migori asubuhi hiyo na mfuko wa vifaa begani, nikaelekezwa kwenye kambi ya watalii iliyo ukingoni mwa ziwa, mwendo mfupi kutoka mji wa Homa Bay. Langoni hapakuwa na mtu. Nikaingia, nikafuata sauti ya mtu anayehema kwa shida, nikamkuta mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, gauni la kitenge na buti nyeusi, ameketi juu ya mgongo wa mwanamume aliyelala kifudifudi. Goti lake moja lilikuwa limeubana mkono wa yule mtu chini. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayengoja chai ichemke.

"Wewe ndio fundi wa maji?"

"Ndiyo, Mama."

"Keti hapo kwa jiwe. Namaliza na huyu."

Aliyekaliwa alikuwa shemeji yake, ndugu mdogo wa marehemu mume wake. Alikuja na vijana wawili kung'oa ua wa minyaa na kuusogeza hatua ishirini ndani ya shamba la mjane. Wale vijana walikimbia walipomwona Afande akitoka jikoni. Shemeji akabaki kubishana. Basi nikakaa pale kwenye jiwe, naye akaendelea kumsomesha kwa Kijaluo, polepole, na kila alipomaliza sentensi aliusukuma uso wa yule mtu kwenye vumbi. Mwishowe akainuka, akajipangusa magoti, akamwambia kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie: "Enda nyumbani, osha hiyo kichwa na maji ya chumvi. Na Krismasi usikose kuja kula nyama."

Krismasi shemeji alikuja, akala nyama, akaongezewa. Nilimwona akifanya hivyo miaka mitatu mfululizo, kwa kuwa nilibaki pale kama fundi wa kambi.

Afande halikuwa jina lake. Alikuwa amestaafu kazi ya askari jela, na cheo kikamfuata nyumbani. Wanawake wa kijiji walimwita hivyo, na watoto, na wazungu waliokuja na magari yao wakadhani ndivyo alivyobatizwa. Mimi ni Mkuria wa upande wa Kehancha. Kijaluo nilikisikia bila kukiongea, kwa hiyo miaka yote hiyo mimi naye tulizungumza Kiswahili, chake cha jela na changu cha mafundi. Sikuwahi kumuuliza alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Hakuwa mtu wa kuulizwa.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda kati ya kiwiko na kiganja, mahali ambapo mfupa ulivunjika ukaunga vibaya. Mpishi wa kambi, mzee mcheshi aliyewahi kuwapikia wavuvi kisiwani Remba, ndiye aliyenieleza. Mume aliuvunja kwa mchi wa kinu, zamani, walipokuwa bado wanaishi kwenye nyumba za askari. Afande alikaa na ule mkono kwenye bendeji wiki sita bila kusema kitu. Siku ilipotolewa, alichukua mchi uleule akamvunja mume goti. Wakaendelea kuishi pamoja. Mume akawa anachechemea, na hakumgusa tena. Alipopata kiharusi uzeeni, Afande alimlisha kwa kijiko miaka mitatu, akamgeuza kitandani, akamnyoa ndevu kila Jumamosi kwa ule mkono uliopinda.

"Sasa huyo utamwita mtu mbaya ama mtu mzuri?" mpishi aliniuliza.

Hata leo sijui vizuri.

Radi ndiyo iliyomtisha. Mvua za kule zinakuja na radi inayopasua miti, na wingu likianza kunguruma tu, Afande aliacha chochote alichoshika, akaingia jikoni, akajikunja chini ya meza ya mpishi na mikono masikioni. Mpishi aliendelea kukata vitunguu juu ya kichwa chake kana kwamba hakuna mtu. Mvua ikipita alitoka, akanyoosha gauni, na mtu wa kwanza aliyekutana naye alifokewa kwa kosa lolote lililokuwa karibu.

Kambi aliiendesha kama jela, nasema hivyo kwa heshima. Mawe ya njia yalipakwa chokaa. Malori makubwa ya watalii, yale yaliyotoka Tanzania kupitia Isebania na Migori yakielekea Uganda, yalipangwa upande wa mashariki, pua zote zikitazama lango. Magari madogo ya kulala ndani, yenye vitanda na jiko na pengine choo chake, yalikaa chini ya mikuyu karibu na maji. Kila asubuhi alipita akikagua, mikono nyuma. Mtu akiwa ameanika nguo za ndani upande wa njia, alizianua mwenyewe na kumpelekea zikiwa zimekunjwa.

Mchana mmoja, watu wakila, tulisikia kishindo ndani ya gari mojawapo la kulala, kisha mwanamke akalia. Mzungu na mkewe, walikuwa safarini miezi mingi. Kishindo kikarudi. Wageni wengine waliangalia sahani zao. Afande aliweka kikombe chini, akaenda, akafungua mlango wa nyuma, akamshika yule bwana kifundo cha mguu na kumvuta nje kama anavyovutwa mbuzi. Bwana aliangukia mgongo. Alipotaka kusimama, Afande akamkanyaga kifua kwa buti.

"Hapa kwangu ukitaka kupiga mtu, kuna mimi," akamwambia kwa Kiingereza chake kizito.

Mke alitoka na shavu limevimba. Badala ya kushukuru, alimrukia Afande na kumkwaruza shingo hadi damu ikatoka, akimfokea amwachie mume wake. Walifunga mizigo wakaondoka saa hiyohiyo, wamekaa bega kwa bega. Afande alijifuta shingo kwa leso.

"Nilijua," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Kisa cha mwizi ndicho watu wanachokikumbuka zaidi. Kijana wa Ndhiwa alikamatwa akifungua betri ya lori la watalii. Mchana wa siku ya soko, njia imejaa watu. Kabla hatujajua, walikuwa zaidi ya mia nje ya lango, na mtu ameshaleta tairi. Kijana alikuwa amelala chini, sikio moja limechanika linaning'inia, wanamgonga na chochote. Afande alipita katikati yao akiwa na mshipi wake wa kazi, ule mpana wa ngozi wenye kifungo cha shaba. Nilidhani anaenda kumwokoa. Alianza kumchapa. Alimchapa mgongoni, miguuni, kwenye makalio, kwa mpangilio, huku akihesabu kwa sauti, na damu ikarukia gauni lake. Watu walinyamaza kwanza, kisha wakaanza kuguna, kisha mama mmoja akasema, "Yawa, inatosha! Utaua mtoto wa mtu!"

"Huyu sasa ni mfungwa wangu," Afande akasema. "Nani mwingine anataka kumgusa?"

Hakuna aliyetaka. Yule wa tairi alishaanza kulibingirisha kuelekea nyumbani. Afande alimbeba kijana begani hadi stoo, akamlaza kifudifudi, akamwosha kwa maji ya chumvi, akalishona lile sikio kwa uzi wa kushonea turubai. Kesho yake akampeleka mwenyewe Ndhiwa kwa mama yake. Siku mbili Afande hakula chakula. Nilipomuuliza kwa nini alimchapa vile, alijibu bila kunitazama.

"Watu wengi wakiwa na hasira, Fundi, lazima waone damu. Nikiwaonyesha kidogo, wanaenda nyumbani. Hiyo nilijifunza huko ndani."

Sasa nieleze habari ya nafasi za magari, kwa sababu ndiyo kazi kubwa aliyonipa, na ndiyo iliyotuharibu sote.

Kambi ilikuwa na mfereji mmoja na mabafu mawili. Lori moja lilikuja na watu ishirini, wakasimama foleni na ndoo. Wenye magari ya kulala walipita wakatazama, wakauliza kama kuna umeme wa kuunganisha na mahali pa kumwaga choo cha gari. Wakiambiwa hapana, wengi walikwenda zao Kisumu. Waliobaki walimwaga vyoo vyao vichakani, na mmoja tulimfumania akimwaga ziwani kabisa, mita mia kutoka mahali wanawake walipoosha vyombo. Afande alimchovya huyo kichwa kwenye maji yaleyale.

Kutoka hapo akaamua. Alitaka nafasi sita kamili, kila gari na mfereji wake, soketi yake ya umeme kutoka kwa jenereta, na tundu lake la maji machafu linaloingia kwenye shimo.

Mpishi alipinga. "Mtu akipata kila kitu mlangoni, hatoki," alisema. "Sasa hivi wanakutana kwa mfereji, wanaongea, wanacheka, wanakuja kwangu kula samaki. Ukiwapa kila mtu wake, watajifungia ndani kama kuku. Si afadhali wangekaa kwao?"

"Mgeni asibebe ndoo," Afande akajibu. "Na mavi yake isiende kwa maji ya watu. Hiyo ni mambo mbili. Wewe niambie ya tatu."

Ya tatu niliijua mimi. Maji ya kambi hayakutoka ziwani. Yalitoka kwenye chemchemi ya mlimani, kwa bomba ambalo kikundi cha wanawake kilikuwa kimechimbia mtaro wenyewe, kwa majembe, miezi mitano. Bomba lilipita kwenye shamba la Afande kabla ya kufika mfereji wa kijiji, na kwa kulikubalia lipite alipewa haki ya mfereji mmoja. Mmoja. Nilipima kwa ndoo na saa. Nilijua kwamba mifereji sita ikifunguliwa pamoja wakati wa kiangazi, ya kijiji itabaki kudondosha.

Nilimwambia.

"Zitafunguliwa zote sita siku ngapi?"

"Siku chache, Mama."

"Basi."

Ningeweza kusema tena. Ningeweza kukataa. Lakini nilikuwa fundi mwenye umri wa miaka thelathini ambaye hadi siku hiyo alikuwa amezibua vyoo vya watu tu, na hapo nikaletewa kazi ya kuchora, ya kupima, ya kuweka valvu nzuri za shaba. Niliinamia mitaro ile wiki nne. Nilipofungua maji yakaruka kwenye nafasi zote sita kwa wakati mmoja, nilisimama katikati nikiwa nimelowa, nikicheka peke yangu.

Magari yalikuja. Mpishi alikosea kidogo, alipatia kidogo: wengine walijifungia, wengine hawakujifungia. Hakuna tena aliyemwaga choo kichakani.

Kisha kiangazi kikaingia.

Mwenyekiti wa kikundi cha maji alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, ambaye hata akilalamika alianza kwa kuomba radhi. Alikuja kwa Afande mara mbili. Mara ya kwanza walikunywa chai. Mara ya pili nilikuwa karibu nikifunga mfereji uliokuwa unavuja.

"Afande, mitungi imelala foleni tangu jana. Tunaomba tu saa za asubuhi ufunge hizo zako."

"Asubuhi ndio wageni wanaoga."

"Na sisi?"

"Ziwa iko hapo. Mkachote kidogo mpaka mvua ije."

Mwenyekiti aliangalia ziwa, halafu akanitazama mimi, fundi. Niliinamia spana yangu. Alisema asante akaondoka.

Siku ya nne baada ya hapo alikwenda ziwani na mtungi wake alfajiri ikipambazuka. Kiboko alikuwa majanini na mtoto wake. Wanawake waliokuwa nyuma walimwona akimuuma mara moja tu, kiunoni. Aliletwa juu kwa mlango wa nyumba wakiutumia kama machela. Nilipita nikaona, na sitaeleza nilichokiona.

Afande aliposikia, alikaa kitako chini palepale aliposimama. Kisha akaniambia, "Funga valvu." Nilifunga. Maji yakaenda yote kijijini, na kijijini wakayatumia kuoshea maiti yake.

Alizikwa siku ya tano. Tulisikia nduru kutoka asubuhi. Kambini kulikuwa na lori moja na magari matatu. Afande aliwaambia wageni wote waingie ndani ya lori na wasitoke. Akatuita sisi wafanyakazi.

"Wanakuja," akasema. "Waache wavunje. Mtu asiguse mtu. Mmesikia?"

Tulisikia.

Walikuja mchana, kutoka kaburini moja kwa moja, wanawake mbele na matawi mikononi, wanaume nyuma na majembe. Afande alisimama langoni, mikono nyuma, akasogea pembeni wapite. Mimi niliyemwona akimkalia shemeji na kumkanyaga mzungu, nilimwona akitemewa mate usoni asijifute. Waling'oa mifereji. Walivunja soketi kwa mawe. Kioo cha gari kilipasuka na watu ndani ya lori wakalia. Mwanamke mmoja alichukua kinyesi kutoka kwenye shimo kwa mikono yake mitupu akapaka ukuta wa bafu.

Mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji la kambi, karibu na valvu kubwa. Nilikuwa na spana ya paipu mkononi. Sijui kwa nini niliichukua. Mume wa marehemu mwenyekiti alifika pale peke yake. Hakuniona. Aliinua jembe akaanza kupiga ile valvu yangu ya shaba. Hakuwa analia wala kusema kitu. Alikuwa anapiga, anapumua, anapiga. Shaba ilipopinda nikasikia kitu kikinipanda kichwani, nikampiga.

Nimesema kwa miaka mingi kwamba niliogopa, kwamba alikuwa na jembe. Alikuwa amenipa mgongo. Alikuwa anaharibu kazi yangu, basi. Nililenga mkono wa kulia ulioshika mpini, nikaupata kwenye vifundo vya vidole. Nilisikia mifupa. Aliangukia magoti na kifua juu ya bomba, na nikampiga ule mkono mara ya pili ukiwa juu ya chuma.

Kitu kikaninyang'anya spana. Afande. Alikuwa amekuja mbio na pumzi zimemwishia. Alinisukuma kwa bega nikaingia kati ya tangi na ukuta, akasimama juu ya yule mtu na spana yenye damu. Mtu akageuza uso, akamwona yeye. Wengine wakatokea kona, wakamwona yeye.

"An ema agoye," akasema kwa sauti kubwa. Ni mimi niliyempiga.

Walimpiga kwa mawe na mipini. Hakuinua mkono. Alivunjika bega, akapasuka juu ya jicho, na angeuawa kama askari polisi hawangefika na kupiga risasi hewani. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya tangi nikitazama buti zake zikiburuzwa. Mkuria, mgeni, mwenye damu ya mfiwa kwenye viatu. Wangenikata vipande siku hiyohiyo, naye alijua.

Polisi wakaandika maelezo. Niliandika kwamba sikuona. Mpishi, aliyeona, aliandika kwamba alikuwa jikoni. Afande alikubali kosa mbele ya hakimu, akafungwa miaka miwili. Nilisafiri kwenda kumwona mara moja, nikakaa kwenye benchi nusu siku. Askari wa kike alitoka akaniambia amekataa kunisalimia. Nilirudi Migori, nikafanya kazi ya mabomba ya nyumba za watu, nikazaa mtoto wa tatu.

Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha mpishi alipokuja Migori kunitafuta. Afande ametoka siku nyingi, akasema. Anakuita.

Nilimkuta chini ya mikuyu, nywele zimekuwa nyeupe, bega moja limeshuka. Ukuta wa bafu ulikuwa umepakwa rangi upya. Kulikuwa na gari moja la kulala, wazee wawili wameketi nje wakisoma. Kando ya njia palilala pampu mpya, bado imefungwa kwa nailoni.

"Nataka nane," akaniambia, bila salamu. "Nafasi nane, na kila kitu. Lakini maji itoke ziwani kwa hii pampu, ipande kwa tangi, ichujwe. Ile ya mlima ni ya kijiji yote. Hata huu mfereji wangu mmoja, kata."

"Mama, baada ya yale yote, bado unataka?"

"Magari itakuja tu. Wasipopata shimo watamwaga kwa ziwa. Makosa haikuwa nafasi, Fundi. Makosa ilikuwa nani anakunywa kwanza. Ulijua, ukaniambia mara moja. Mimi nilisikia, nikasema basi."

Nikapiga magoti. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi yale maneno miaka mingi: kwamba alinipa maisha, kwamba watoto wangu wanamwomba Mungu kwa ajili yake. Alinikata.

"Inuka. Wewe unafikiri nilikuokoa?"

"Wangeniua."

"Wangekuua, ndiyo. Lakini mimi nilikuwa nakimbia kuja kwa hiyo valvu tangu nilipomwona akienda na jembe. Unajua nilikuwa nakuja kufanya nini? Niliwaambia mtu asiguse mtu, nikasimama kwa geti kama mtakatifu, na moyoni nilikuwa nachagua nitaanza na nani. Wewe ulinitangulia tu. Nilipoona mkono yake, niliona ni kazi yangu. Nikaifungiwa." Akapangusa vumbi kwenye nailoni ya pampu. "Yeye bado anajua ni mimi. Tunapita njia moja kila siku. Akiniona anageuka."

"Nimwambie?"

"Sikukuita kwa hiyo. Nilikuita kwa pampu."

Nilikwenda kwa yule mfiwa hata hivyo. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ule ua wa minyaa, na nilimkuta peke yake, amekaa kwenye kigoda akimenya muhogo kwa mkono wa kushoto, ameubana kati ya magoti. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani, vidole vimekunjamana kama makucha ya kuku. Nilibaki nimesimama. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba si Afande. Nilimwambia nilikuwa nyuma ya tangi, kwamba alikuwa amenipa mgongo, kwamba nilipiga mara mbili. Nilimwambia pia kwamba nilijua maji yatapungua kabla sijachimba mtaro wa kwanza.

Aliendelea kumenya hadi muhogo ukaisha. Akaweka kisu kwenye kizingiti cha mlango, kwa uangalifu, mbali nasi sote wawili. Akaja karibu, akaniangalia uso kama anayejaribu kunikumbuka, kisha akanipiga ngumi ya mdomo iliyonitupa kwenye ukuta wa ghala. Nilipoinuka alinipiga nyingine. Sikuinua mkono. Ya tatu aliinyanyua, akaishikilia hewani, kifua kinapanda na kushuka, kisha akaketi kwenye kigoda na kuanza kulia kwa sauti, mtu mzima, mdomo wazi. Nikakaa chini mbele yake. Alipomaliza alisema tu, "Mwambie huyo mama asifunge geti kesho. Nitapita kumsalimia."

Nilirudi kambini nikitema damu. Jino la mbele lilikuwa mkononi mwangu. Afande alikuwa palepale, akiifungua ile pampu nailoni. Aliniona nikija, akasubiri hadi nikafika, akanishika kidevu na kunigeuza uso kwenye mwanga.

"Kesho atapita kukusalimia," nikamwambia.

Alikuwa anatazama mdomo wangu, jinsi ulivyopasuka.

"Alikupiga na mkono gani?"

"Wa kushoto, Mama."

"Wa kushoto?"

"Ndiyo."

Aliachia kidevu changu. Midomo yake ilicheza kidogo, na macho yakajaa maji ambayo sikuwahi kuyaona kwake.

"Basi umeshika nguvu," akasema. "Huo mkono aliobaki nao. Nilikuwa nafikiria hautawahi kushika nguvu."